Mstari wa Mwisho Kwenye Bango la Kambi Muru

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Nilikuwa nimefunga kilemba vizuri, nimevaa blauzi ambayo sikujali ikichafuka, nikatembea kutoka Kianda, huko Kibera, mpaka Kawangware nikijiambia kwamba jioni nitarudi na rangi kwenye kucha kama mtu mwenye kazi. Fundi Mkuu, aliyekuwa na karakana ya mabango nyuma ya bucha, alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Weka mkoba," akasema. "Kuna kanisa jipya hapo kwa ploti ya nyuma, wanatafuta jina. Enda ukae nao usikize. Jioni uniambie wamegombania nini."

"Na rangi?"

"Rangi itakungoja. Haina miguu."

Mimi ni mtu wa hasira, wanaonijua watawaambia. Nilikuwa nimetoka Machakos kujifunza ufundi, si kusikiliza watu wakibishana juu ya Mungu. Lakini nilienda, nikakaa kwenye benchi la nyuma nimevuta mdomo. Watu wale walibishana kutwa nzima. Mzee mmoja alitaka waitwe Kanisa la Kweli. Mama mmoja akasimama mkono kiunoni. "Kwa hivyo lile tulilotoka ni la uongo? Mama yangu bado anasali huko. Sasa nikamwambie nini?" Jina hilo likafa papo hapo. Jioni nilipomsimulia Fundi Mkuu alicheka mpaka akakohoa, akaniambia kwamba sasa nimeanza kazi.

Vijana wa leo huniuliza kama ni kweli mtu aliweza kuishi kwa kuandika majina ya makanisa. Niliweza. Kibera na Kawangware makanisa hayaishi kuzaliwa, na kila moja likizaliwa linataka bango. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bati jipya lina mafuta, rangi haishiki, kwa hivyo kwanza unalisugua kwa msasa mpaka mng'ao utoke. Unapaka rangi ya msingi, unaacha ikauke. Kisha unachukua uzi uliopakwa chaki, unaukaza kutoka upande huu mpaka ule, unauvuta na kuuachilia, nao unakuachia mstari ulionyooka wa kusimamisha herufi. Mkono unaegemea fimbo ili usitetemeke. Herufi za jina ni kubwa na zina kivuli upande mmoja, ili mtu azisome akiwa mbali. Chini ya jina huja mistari ya imani, kwa herufi ndogo, na hapo ndipo kazi ilipo.

Majina yana njia zake za kuja. Kanisa lililojitenga huchukua jina la mama yake na kuongeza neno moja mbele au nyuma: Huru, Asili, Halisi. Ukiona Halisi, jua kuna lingine karibu ambalo wao wanaona si halisi. Mengine huja kwa ndoto, mtu anaamka asubuhi na jina kamili, na hapo hakuna kubishana na usingizi wa mtu. Mengine ni ya mahali mwanzilishi aliponea ugonjwa au alipoombewa. Nimeandika Kimataifa kwenye chumba ambacho waumini wote wakiinuka pamoja lazima mmoja asimame nje, na sikucheka. Lakini majina yanayodumu kuliko yote, Fundi Mkuu aliniambia, ni yale ambayo kanisa halikujipa. Majirani wanakuona unapiga makofi au unavaa kanzu, wanakuita kwa dhihaka, unakasirika, unazoea, mwishowe unaleta bati kwa fundi uandikiwe.

Na imani je? Nilidhani kanisa huandika yote linayoamini. Haiwezekani, bati haliwezi kutosha. Hakuna anayelipia rangi kuandika kwamba Mungu yupo, kwa sababu hakuna aliyepinga. Wanaandika pale walipogombana. Ukisoma "Watu wazima huzamishwa majini," jua kuna siku mtu alitaka kubatiza watoto wachanga kwa kunyunyiza. Ukisoma "Mwanamke huhubiri," kuna mwanamke aliyewahi kushushwa kutoka madhabahuni mahali fulani. Ndiyo sababu Fundi Mkuu hakuniuliza siku ile wameamini nini. Aliniuliza wamegombania nini.

Karakana yetu ilikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa fundi mwingine. Siku ya kuandika mistari ya imani, waumini wote walisimama. Kila mstari waliusoma kwa sauti kabla sijaugusa kwa brashi, na mstari ambao mtu mmoja amenyamazia hauandikwi. Bango likichakaa na kuandikwa upya, linasomwa upya, hata kama ni maneno yale yale. "Sisi hatuuzi rangi," Fundi Mkuu alisema. "Mtu akikataa maneno yake kesho, asiseme ni fundi alimwandikia."

Niliwahi kuondoka kwake nikaenda kwa kampuni moja ya matangazo ya ukutani. Msimamizi wa huko alinikuta nimemwambia mwenye duka asome kwanza tangazo kabla sijaliandika, akanipigia kelele mbele ya watu, "Mama, hii ni sabuni! Nani atakuwa na imani na sabuni?" Sikukaa sana. Nikarudi kwa Fundi Mkuu, na alipozeeka nikafungua kibanda changu Kianda. Watu wakaniita Mama Rangi.

Kanisa ninalotaka kuwasimulia lilianza kwa ugomvi wa Kawangware. Kulikuwa na kanisa pale lililojengwa na wenye ploti, watu waliokaa hapo tangu zamani. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamelijenga kwa mikono yao na walitaka kujua nani anaingia. Kwa hivyo mpangaji akija, mzee wa mlangoni alimuuliza, "Wewe ni wa wapi? Umeletwa na nani?" Jibu lako ndilo lililokuonyesha benchi. Fundi mmoja wa vitanda, mtu wa Kitui aliyekuwa akifundisha watoto Jumapili, alichoka na lile swali. Akabishana na wazee, wakamwambia kama hapendi mlango uko wazi. Akatoka, na wapangaji wengi wakamfuata mpaka Kambi Muru, upande wa Kibera.

Huko ndiko alikoitwa Askofu. Walijenga nyumba ya mabati, sakafu ya udongo, wakatandika mikeka, na kwa sababu ya mikeka wakawa wanavua viatu mlangoni. Askofu akalipa kanisa jina la chemchemi ya kwao Kitui ambako aliombewa utotoni akapona: Kanisa la Roho la Kyambuu. Nikaandika, na chini yake mistari ya imani, wote wakiwa wamesimama. Wa mwisho ulisema: Anayevua viatu mlangoni haulizwi atokako. Waliusoma kwa kelele kuliko mingine yote. Katibu wa kanisa, mwanamume mrefu aliyekuwa karani wa stoo Industrial Area, ndiye aliyeniletea maji ya kunawa mikono siku hiyo. Tulikuwa na furaha, kusema kweli.

Halafu ukaja uchaguzi wa mwaka 2007. Matokeo yalipotangazwa, Kibera iliwaka. Sitawasimulia yote, wengine mlikuwepo. Watu waliokopeshana chumvi walianza kuulizana majina ya pili. Siku chache baadaye, mtu wa Ukambani alipoingia serikalini, sisi Wakamba pia tukahesabiwa upande. Jina Kyambuu, ambalo kwa miaka halikumsumbua mtu, sasa likawa la kusomwa kwa macho makali.

Asubuhi moja Askofu akaniita. Nilibeba makopo yangu kwenye karai, nimeyafunika na sukuma wiki, nikapita Soweto West kwa vichochoro nikijifanya natoka sokoni. Nilipoingia kanisani nilikuta sakafu imejaa watu. Kulikuwa na familia zilizofukuzwa na upande huu na familia zilizofukuzwa na upande ule, godoro kwa godoro, watoto wamelala katikati. Mlangoni kulikuwa na lundo la viatu, sandali na patipati na viatu vidogo vya shule, vyote vimechanganyika.

Mtu mmoja tu humo ndani alikuwa na viatu miguuni. Katibu. Viatu vyeusi vya ngozi, kamba zimefungwa fundo mara mbili. Nilielewa mara moja: alikuwa tayari kukimbia.

Askofu alinieleza kwa ufupi. Vijana wa pale chini walikuwa wamekuja jana yake, wakasema kwamba kanisa hili ni la kabila moja na limeficha watu. Watarudi leo mchana. Wakikuta lile jina, na wakikuta wale watu, watachoma.

"Jina tufute," Askofu akasema. "Nililileta mimi, na sitaki mtoto aungue kwa ajili ya chemchemi yangu."

"Na ule mstari wa mwisho," Katibu akasema. "Ufutwe pia. Na hawa wageni wetu, kwa heshima, tuwaombe waende uwanja wa maonyesho. Wenzao waliokimbia wako huko."

"Waende na njia gani?" mama mmoja akauliza. Sote tulijua njia zilivyokuwa.

Nilitoka nje, nikapanda ngazi. Niliifuta Kyambuu kwa rangi nyeupe ya msingi, nikafuta na maneno yote ya jina, maana Kanisa la Roho peke yake lilikuwa jina la wengine. Likabaki bati jeupe tupu juu, mistari chini. Kisha nikautazama ule wa mwisho. Mistari ya chini ndiyo huchakaa kwanza, kwa sababu maji ya mvua hutiririka juu ya bati na kukaa pale. Herufi zilikuwa zimebanduka. Kutoka mbali usingeweza kuusoma.

"Uache tu," Katibu aliniambia, amesimama chini ya ngazi. "Unaisha wenyewe. Hatujaufuta, hatujauandika. Hakuna mtu atasema tumeukana."

Haki, nilishikwa na hasira ambayo sikumbuki kama nimewahi kushikwa tena. Nikashuka, nikaingia ndani na brashi mkononi.

"Kuna mstari umechakaa," nikasema. "Mnajua desturi. Mkiutaka, simameni muusome. Asiyeutaka anyamaze, na sitaandika."

Askofu alisimama wa kwanza, miguu yake mipana ikiwa wazi juu ya mkeka. Wengine wakainuka mmoja mmoja. Wakausoma. Sauti zao zilikuwa chini, na wengine walikuwa wanalia, lakini waliusoma: Anayevua viatu mlangoni haulizwi atokako.

"Katibu," nikasema, "sijakusikia."

"Andika tu, Mama Rangi. Wewe ni fundi."

"Ndiyo maana siandiki."

Akanigeukia na uso wa mtu asiyelala. "Bibi yangu yuko pale na mimba. Watoto wangu ni wale. Hii nyumba ikichomwa, hiyo mistari yako itawatoa ndani? Niambie. Itawatoa?"

Askofu ndiye aliyejibu. "Haitawatoa, ndugu yangu. Hata mimi naogopa. Lakini tulitoka Kawangware kwa sababu ya swali moja tu. Tukiwauliza hawa leo, kule tulitoka kwa nini?"

Katibu hakuusoma. Huko nje mtu alikuwa anapiga mluzi wa kuitana.

Ndipo mwanamke mmoja miongoni mwa wale waliokimbilia humo akainuka. Alikuwa ametulia tangu nifike, mtoto mgongoni. Alianza kufunga mzigo wake. "Sisi tutatoka," akasema. "Msigombane juu yetu. Mmetuweka vya kutosha." Akaenda mlangoni, akainama kwenye lile lundo kutafuta viatu vyake. Akapata kimoja. Akatafuta cha pili, akipekua viatu vya watu, mtoto akiyumba mgongoni, akainua hiki akaacha kile. Hakukiona. Akapiga magoti kabisa na kuendelea kutafuta, na hakuna aliyeweza kumtazama.

Katibu alienda mpaka pale alipokuwa. Nilidhani anaenda kumsaidia kutafuta. Aliinama, akafungua kamba zake, fundo la kwanza na la pili, akavua viatu vyake vyeusi akavitupa katikati ya lundo.

"Mama, keti," akamwambia. "Usitafute tena."

Kisha akasimama pekupeku, akausoma ule mstari peke yake, kwa sauti ya kuitia watu. Nikatoka mbio nikapanda ngazi. Sikuvuta uzi wa chaki wala sikushika fimbo ya kuegemea. Ni mstari mbaya kuliko yote niliyowahi kuandika, unapanda kilima upande wa kulia, lakini niliandika kwa herufi kubwa.

Vijana walipokuja, rangi ilikuwa bado mbichi. Walikuwa wengi, na aliyewaongoza alivaa kofia ya sufu jua lote lile. Alinikuta kwenye ngazi.

"Mathe, shuka hapo. Hii kanisa ni ya nani?"

Katibu alitoka akasimama mlangoni kabla sijajibu. "Soma," akamwambia.

Yule wa kofia akasoma, midomo ikichezacheza. "Na jina?"

"Hakuna."

"Kanisa bila jina? Unanibeba ufala?"

"Lilikuwa jina la kwetu, mlilikataa, tumefuta. Kama unataka kuingia, ingia. Lakini utavua viatu kama wengine."

Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Yule kijana alichungulia ndani. Aliwaona watu wamesimama, wote, miguu mitupu, na hakuna hata mmoja aliyekaa pembeni kujitenga na wengine. Wenzake wakamwambia awatoe wale wa upande ule. "Ni gani sasa?" akawauliza kwa hasira. "Si uoneshe!" Wakatazama, wakabishana. Kumwuliza Katibu walimwuliza, na Katibu akawaonyesha kidole bango. Mmoja wao akainua buti lake kuingia, akaona mikeka na watoto, akalirudisha chini. Sijui ni kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii na sijui.

"Wachaneni na hawa," mwingine akasema, akicheka. "Hawa ni pekupeku tu."

Lakini mikono mitupu hawangeondoka. Waliangalia lile lundo mlangoni, wakatoa gunia, na wakazoa viatu vyote. Viatu vya Katibu, ngozi safi kabisa, ndivyo vilivyotangulia. Waliondoka wakiimba. Walikuwa wamekuja kuchukua watu, wakachukua viatu. Katibu akakaa chini mlangoni na kucheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakawa machozi kweli, na mkewe akaja akamshika kichwa.

Siku zilizofuata waliishi hivyo, wenyeji na wageni, wakienda kwenye bomba la maji pekupeku. Mtu akikutana nao njiani hakuweza kujua nani ni wa wapi, alijua tu kwamba ni wale wa Pekupeku. Watoto waliwazomea hivyo. Machafuko yalipotulia, Askofu aliita mkutano wa kutafuta jina. Walikaa kutwa nzima, ndoto zikaletwa, milima ikatajwa, mwishowe mama mmoja akasema, "Mbona tunajisumbua, na jina tunalo?" Nikaandika Kanisa la Pekupeku, na kivuli upande mmoja.

Niliacha kazi mgongo ulipokataa ngazi. Siku hizi mabango huchapishwa na mashine kwenye plastiki, yana picha ya mchungaji na mkewe wakitabasamu, na yanatoka kabla hujamaliza chai. Ni mazuri, sitasema uongo. Herufi zake zimenyooka kuliko zangu. Ila mashine haingojei mtu yeyote akubali.

Juzi tu nilipita Kambi Muru. Askofu alishazikwa kwao Kitui. Kanisa lina mchungaji mpya, kijana mzuri aliyesoma, na bango jipya la plastiki: Kanisa la Pekupeku Kimataifa. Mistari ya imani ilikuwepo, isipokuwa ule wa mwisho.

"Sasa wewe," nikamwambia yule mchungaji, "ule mstari wa mwisho uko wapi?"

"Mathe, nafasi iliisha kwa sababu ya picha," akasema, kwa adabu. "Na pia nilidhani hauna haja. Si ni kitu kila mtu anakubali? Ni nani anaweza kupinga huo?"

Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi mzee mrefu, miguu mitupu juu ya saruji. Alikuwa amesinzia, nikadhani hatusikii.

"Ni mimi," Katibu akamwambia mchungaji. "Andika."